Mama Mwenye Masharubu

Hapo zamani, si zamani ile ya fisi na sungura, ni zamani ya juzijuzi, wakati simu zilikuwepo na mtandao haukuwepo, palikuwa na kijiji kinaitwa Igombwa. Igombwa kilikuwa kijiji maskini. Nalisema hilo mapema kwa sababu watu wa Igombwa wenyewe hawakulijua vizuri. Walijua njaa. Walijua kiangazi. Walijua kutembea kutwa nzima kufuata maji yenye rangi ya chai. Lakini umaskini wenyewe, ule wa kitaalamu, hawakuwa wamefundishwa bado. Mpaka alipokuja Bwana Mradi.

Bwana Mradi alikuwa na jina lake kama watu wengine, ila siku ya kwanza alilitaja haraka haraka, halafu akataja jina la mradi polepole na kwa sauti. Basi watu wakamwita kwa lile walilolisikia. Alikuja na gari, na jenereta, na kipaza sauti, na sanduku la filamu. Nyuma ya gari alisimama mtamba mwekundu, mwenye mimba kubwa, akitazama watu kama vile yeye ndiye mgeni rasmi.

"Wananchi," akasema Bwana Mradi, "tumefanya utafiti. Tumegundua kwamba hapa kuna umaskini."

Watu wakapiga makofi. Mgeni akigundua kitu nyumbani kwako, unapiga makofi.

"Kwa hiyo tumewaletea filamu. Filamu hii inahusu umaskini wa vijijini. Mtaitazama, mtajifunza."

Mzee Mlewa, mwenyekiti wa kijiji, akanyoosha fimbo yake kuelekea garini. "Na huyo ng'ombe, mheshimiwa, naye ni wa kutazamwa tu?"

"Huyo ni zawadi. Atapewa mtu mmoja: yule atakayeielewa filamu na kuifanyia kazi."

Yashikeni maneno hayo. Kuielewa, na kuifanyia kazi. Msiyaachie, maana huko mbele watu karibu wayapiganie ngumi.

Mwanamke mmoja akauliza kutoka nyuma, "Kwa nini asipewe tu mwenye shida naye?"

Bwana Mradi akatabasamu kwa huruma. "Mama yangu, hiyo ingekuwa sadaka. Sisi hatutoi sadaka. Sisi tunajenga uwezo."

Mwanamke huyo aliitwa Matika. Mumewe alikuwa amefariki, na dada yake alikuwa amefariki, na dada yake alimwachia mtoto wa kike, Sechelela. Mtoto alikuwa na umri wa kutembea lakini hakutembea. Alikaa alipowekwa. Matika alimpeleka zahanati, akaambiwa, "Huyu anahitaji maziwa, mpe maziwa kila siku." Matika akashukuru kwa ushauri. Labda muuguzi alidhani anayo ndoo ya maziwa chini ya kitanda na anasahau tu. Kwa hiyo Bwana Mradi alipozungumza habari za uwezo, Matika hakumtazama Bwana Mradi. Alimtazama mtamba, tena si usoni. Alimtazama kiwele.

Basi. Sanduku likafunguliwa, na ikagundulika kwamba filamu ni ya Kimarathi, lugha ya watu wa upande mmoja wa India. Waliofunga sanduku huko mjini walichukua filamu iliyosifiwa sana na kusahau kuuliza inasifiwa kwa lugha gani.

"Haidhuru," akasema Bwana Mradi. "Umaskini ni umaskini. Hauhitaji tafsiri."

Watu wakajaa katika kibanda cha video, mchana wa Jumapili, madirisha yamezibwa kwa magunia. Shuka jeupe likatundikwa ukutani. Maandishi ya Kiingereza yalikuwepo chini ya picha, lakini shuka lilikuwa fupi, kwa hiyo maandishi yaliangukia vichwani mwa watoto waliokaa mbele. Mtoto akiinamisha kichwa, Kiingereza nacho kinaanguka chini. Bwana Mradi mwenyewe alikuwa nje amepanda juu ya gari, akitafuta mtandao.

Picha zikaanza. Watu wa kwenye shuka wakaongea, wakalia, wakaongea tena. Igombwa nzima haikushika hata neno moja.

"Chilewa!" mtu akapiga kelele. "Kazi yako hiyo, kaka!"

Chilewa ndiye aliyekuwa mwenye kibanda. Kila wiki alitafsiri filamu za ngumi za Kichina. Kichina hakukijua, ila hakuna Mchina aliyewahi kuja kulalamika. Akashika kipaza sauti, akakohoa, akasikiliza. Katika filamu palikuwa na mtoto wa kike, na mwanamume mmoja mwembamba mwenye masharubu makubwa kama ufagio. Mtoto akamkimbilia yule mwanamume akiita, "Mama! Mama!"

Kibanda kizima kikacheka. "Chilewa, eti mama! Mama gani ana masharubu?"

Chilewa hakuwa mtu wa kushindwa. "Tulieni, nyie," akasema. "Huyo ni mama yake kweli. Mumewe kafariki. Kazi ya kupasua mawe pale machimboni wanataka wanaume tu. Basi mama wa watu akakata nywele za mkia wa ng'ombe, akabandika masharubu. Mnamcheka? Mwanawe atakula nini?"

Watu wakaacha kucheka. Mwanamke mmoja akapiga kigelegele.

Akatokea kijana mwenye ndevu changa. Mtoto akamwita, "Dada!"

"Mnaona?" akasema Chilewa. "Na dada mtu naye kafuata."

Akatokea mtu mnene, nguo nyeupe, akaanza kudai shamba. Mtoto akamwita, "Kaka."

"Huyo ni kaka mtu. Huyo ni mwanamume wa kweli. Mnaona alivyonenepa?"

Wanawake wakasema, "Tunaona!"

Hivyo ndivyo filamu ilivyokwenda. Mwembamba akapasua mawe, mnene akadai shamba, Chilewa akatafsiri. Sasa sikilizeni. Karibu na mwisho, yule mwenye masharubu alimpakulia mtoto wali kidogo. Mtoto akamwonyesha sahani, kama anayesema tule wote. Yule mtu akajishika tumbo, akacheua kwa kujilazimisha, akanawa mikono kana kwamba ameshakula. Mtoto akala wali wote. Yule mtu akamtazama.

Chilewa hakutafsiri. Alikishusha kipaza sauti.

Matika alikuwa amempakata Sechelela. Asubuhi ile ile alikuwa amejishika tumbo vile vile na kunawa vile vile. Sechelela akanyoosha kidole kwenye shuka, akamgeukia Matika, akasema, "Mama."

Neno hilo hakuwahi kulisema.

Haya. Baada ya filamu, Bwana Mradi alirudi akawauliza watu kama wamejifunza. Wakasema wamejifunza. Akafurahi. Akatangaza kwamba mradi utachimba lambo la kukinga maji ya mvua, na malipo ni unga: mwanamume mmoja mwenye nguvu kutoka kila kaya.

"Na kaya isiyo na mwanamume?" akauliza Matika.

"Hiyo tumeiweka kwenye awamu inayofuata," akasema Bwana Mradi. Awamu inayofuata ni mahali pa mbali sana. Sijapata kumwona mtu aliyetoka huko.

Matika akaenda nyumbani. Akavaa suruali na koti la marehemu mumewe. Akakata nywele za mkia wa ng'ombe wa jirani, aliyekaushwa maziwa na kiangazi kama wenzake wote, akazibandika juu ya mdomo kwa ulimbo, huu huu wa kunasia ndege. Asubuhi akasimama kwenye mstari wa wachimbaji.

Kijiji kizima kilimtambua. Mbuzi wa jirani walimtambua. Bwana Mradi akamshika bega akasema, "Safi sana, kijana. Una nguvu?"

"Ninazo, mkuu," akajibu Matika kwa sauti ya tumboni.

Wanaume wakaangalia ardhi, wakajikuna. Mzee Mlewa akakohoa mpaka akatokwa na machozi. Hakuna aliyesema neno. Mmoja tu, akimpa Matika sululu, alinong'ona, "Pole kwa kazi, shemeji." Kisha akapaza sauti, "Shika, kaka!"

Kaka akachimba. Kaka akapewa unga. Tatizo la kaka lilikuwa nzi. Ulimbo haujui kama unanasa ndege au nzi, wenyewe kazi yake ni kunasa. Mchana masharubu ya Matika yalikuwa yakinguruma.

Siku ya pili yakaja masharubu mengine. Alikuja mjane mwingine. Alikuja yule ambaye mumewe yupo, ila yupo kilabuni. Alikuja bibi kizee mmoja, masharubu yake meupe kwa sababu ng'ombe aliyempata alikuwa mweupe. Ng'ombe wa Igombwa walibaki na mikia kama fimbo, hawana cha kufukuzia nzi, ila nzi wenyewe walikuwa wamezifuata nywele lamboni. Bwana Mradi alitazama mstari wa wachimbaji akasema, "Wanaume wa hapa mnafanana sana. Ni ukoo mmoja?"

"Ni ukoo mmoja, mheshimiwa," akasema Mzee Mlewa.

Lambo likachimbika. Lakini siku moja jua liliwaka kuliko kawaida, ulimbo ukayeyuka, na mbele ya Bwana Mradi masharubu ya Matika yakateremka taratibu mpaka kidevuni.

"Kijana," akasema Bwana Mradi, "masharubu yako yameshuka."

"Yamechoka, mkuu," akasema Matika. "Yamechimba tangu asubuhi."

Wachimbaji wakaangua kicheko. Matika akang'oa kilichobaki, akatokwa na damu kidogo, akasimama na uso wake.

Mlidhani Bwana Mradi alikasirika? Hamjui watu wa miradi. Alipiga picha. Alimpiga Matika picha bila masharubu, akamwomba ayarudishe, akampiga tena. "Huu ni ushirikishwaji wa wanawake!" akasema. "Nani alikufundisha?"

"Filamu yako, mkuu. Yule mama mwenye masharubu."

Bwana Mradi hakuwa ameitazama filamu, kwa hiyo aliamini mara moja. Akaitisha mkutano, akamleta mtamba katikati, akamshikisha Mzee Mlewa kamba. "Mwenye kuielewa filamu na kuifanyia kazi amepatikana," akasema. "Ni mama huyu."

Hadithi ingeishia hapo, sote tukalale. Lakini akasimama Ndahani.

Ndahani alikuwa mpishi wa zamani. Ujanani mwake alipika mjini kwa familia ya Wamarathi, miaka mingi, mpaka akarudi Igombwa na masufuria aliyopewa na kitambi alichojipatia.

"Mheshimiwa, filamu haisemi hivyo," akasema. "Yule si mama. Ni mwanamume, na masharubu ni yake. Kwa Wamarathi, kaka wa mama yako unamwita 'mama'. Ni mjomba! Yule kijana mwenye ndevu ni kaka mtu, kwao kaka anaitwa 'dada'. Na yule mnene ni ndugu wa baba, baba mdogo, kwao anaitwa 'kaka'. Filamu ni ya mjomba anayemlea mtoto wa marehemu dada yake. Masharubu ya kubandika aliyabandika Chilewa."

Mkutano ukavuma kama mzinga wa nyuki.

"Kwa hiyo kaka ni dada?" mtu akauliza.

"Na mama ni mjomba?"

"Na baba je?"

"Baba ni baba," akasema Ndahani.

"Afadhali," akasema Mzee Mlewa, akakaa.

Ndahani akaendelea. "Mheshimiwa, wewe ulisema mtamba ni wa aliyeielewa filamu. Katika kijiji hiki chote aliyeielewa ni mmoja, naye ni mimi."

"Uliielewa ukanyamaza!" akapiga kelele Chilewa. "Ulikaa nyuma ukitafuna karanga zangu!"

"Nilinyamaza, ndiyo. Ningesema, mngecheka, na Matika angekwenda zake nyumbani. Asingevaa suruali. Nyie wote mngebaki bila masharubu. Ukimya wangu ndio uliochimba lambo. Nimeielewa, na kwa kunyamaza nimeifanyia kazi. Nipeni mtamba."

Chilewa akasimama. "Eti ukimya umechimba! Ukimya una mikono? Wazee wangu, mimi sijui Kimarathi, nakiri. Lakini filamu hii isingekuwa na mdomo bila mimi. Huyu mzee alikuwa na ukweli, akakaa nao tumboni pamoja na karanga. Mimi nilikuwa na uongo, nikaugawa bure. Unga mliokula umetoka katika uongo wangu. Wajane wenye masharubu, nani aliwabandika? Ni mimi. Nipeni mtamba."

"Tapeli," akasema Ndahani.

"Mchoyo," akasema Chilewa.

Bwana Mradi akamgeukia Matika. "Na wewe, mama? Umesikia. Filamu haikusema ufanye ulivyofanya. Ulielewa vibaya."

Matika alikuwa amembeba Sechelela mgongoni. Juu ya mdomo wake ngozi ilikuwa bado nyekundu.

"Mimi Kimarathi sikijui," akasema. "Na maneno ya Chilewa niliyaamini yote, sikujua ni yake. Lakini mtakumbuka kuna mahali Chilewa alinyamaza. Pale kwenye wali. Pale hapakuwa na Chilewa wala Ndahani, palikuwa na yule mtu na mtoto. Pale ndipo nilipoelewa mimi. Sasa Ndahani anasema yule hakuzaa, analea mtoto wa dada yake. Na huyu mgongoni kwangu ni wa nani? Mnamjua dada yangu, mlimzika nyie. Kama kwao anayelea mtoto wa dada yake huitwa mama hata akiwa na masharubu, basi Chilewa amekosea wapi? Mimi nimelichimba lambo kwa mikono hii. Sikusema uongo kwa kinywa."

"Ila kwa mdomo wa juu!" mtu akadakia, na watu wakacheka, na Matika mwenyewe akacheka, akajishika pale panapouma.

"Lakini, mama," akasema Bwana Mradi, naye sasa alikuwa amekunja uso, "mradi ulitaka wanaume. Ulinidanganya mimi."

"Wewe ulinitazama usoni kila asubuhi, mkuu. Nikudanganye mara ngapi?"

Bwana Mradi akasema atakwenda mjini kuuliza. Akaondoka na gari, na jenereta, na picha za Matika, ambazo nasikia zimetundikwa ukutani mahali fulani na watu wanazisifu. Kabla ya kuondoka alisema mtamba hagawanywi wala hauzwi, wazee waamue, naye atapitisha.

Wazee wakakaa kuamua. Siku nenda, siku rudi. Wengine walisema kuelewa ndiko kunakoanza, apewe Ndahani. Wengine walisema kazi ndiyo kazi, apewe Matika. Wengine walisema bila Chilewa wote wangelala usingizi, apewe Chilewa. Mzee Mlewa aliishika kamba, na mtamba alikula ua wa mwenyekiti wakati hoja zikiendelea.

Na wakati hoja zikiendelea, mtamba akazaa.

Akazaa ndama mwekundu, pale pale, mbele ya wazee, katikati ya hotuba ya mtu. Kiwele kikajaa maziwa. Watu wakashangilia, halafu wakakumbuka mila. Igombwa, anayekamua maziwa ya kwanza ndiye mwenye ng'ombe. Hakuna kurudi nyuma. Ukikamua, umemchukua. Kwa hiyo asiyepewa ng'ombe hakamui, na ng'ombe hajapewa mtu.

Matika akamleta Sechelela, akamweka chini kando ya wazee, kikombe cha bati mkononi. "Endeleeni tu, wazee wangu," akasema. "Sisi tunasubiri."

Wazee wakaendelea. Walikuwa wamefika kwenye swali gumu: kuelewa na kufanya kazi, kipi kitangulie. Sechelela alikiangalia kiwele, akakiangalia kikombe, akasimama. Ndiyo, alisimama, akapiga hatua, mama yake akaziba mdomo kwa mikono miwili. Mtoto akamfikia ng'ombe, akainua kikombe chini ya kiwele, akangoja maziwa yatoke yenyewe.

Mzee Mlewa akanyoosha fimbo. "Mzuieni mtoto. Bado hatujaamua."

Chilewa akamtazama Ndahani. Ndahani akatazama mikono yake. Hakuna aliyemzuia mtoto, na hakuna aliyemkamulia.

Mpaka saa hii ninapowaambia, aliyeyanywa maziwa yale ni ndama peke yake, naye filamu hakuiona kabisa.

Sasa na nyinyi mnaotikisa vichwa kama wazee wa Igombwa, msiniambie mtakwenda kuuliza mjini. Kuna aliyeijua kweli akaifungia kinywani. Kuna aliyetunga uongo ukalisha kijiji. Kuna aliyeuamini uongo, akaufanyia kazi ya kweli kwa uso wa kubandika. Kiwele kimejaa na kikombe kimeinuliwa. Je, nani anastahili kukamua?